Karani wa Mizani na Kidonge cha Asubuhi

Niliponenepa, watu walinipongeza. Nataka mlijue hilo kwanza, ninyi vijana mnaokuja hapa kwangu kuniuliza kazi ya mizani ilikuwaje zamani, huku macho yenu yakiteleza kwenda tumboni mwangu. Mnadhani mnaijua hadithi: mzee kastaafu, mzee kakaa, mzee kala. Hamuijui. Kaeni hapo kwenye benchi niwaeleze, na mkicheka mcheke mkiwa mmemeza chai, msije mkanichafulia zulia la mke wangu Nyambura.

Nilikuwa karani wa kupima majani chai kwa miaka thelathini na moja, kwenye kituo kilicho juu ya Wamagana, pale barabara inapokata kona kuelekea msituni. Kazi yangu ilikuwa kusimama. Nilisimama mvua ikinyesha, nilisimama ukungu ukiwa mzito hadi nasikia mkulima akinisalimu kabla sijamwona. Mtu anayesimama hivyo hanenepi. Siku ya kustaafu suruali yangu ilikuwa inashikiliwa na mshipi pamoja na maombi ya mke wangu.

Mpango wangu wa kustaafu ulikuwa mfupi: kiti, redio, ng'ombe mmoja, na kutoenda popote. Mimi ni mtu wa nyumbani. Nikialikwa harusi Karatina huwa naanza kuumwa kichwa siku tatu kabla. Kwa hiyo mwaka wa pili wa kukaa, mwili ulipoanza kujaa, hakuna aliyeshangaa isipokuwa mimi. Mlangoni mwa kanisa mzee mmoja alinishika mkono akaniambia kustaafu kumenipenda. Jirani alisema kiinua mgongo sasa kimefika mbele. Wakanichagua mwenyekiti wa kamati ya barabara bila kunipigia kura, ati mtu mwenye tumbo kama hilo hana shida zake mwenyewe, ana nafasi ya kubeba za wengine.

Nami nilikuwa nazo, jamani. Jua la Februari, lile ambalo likiwaka mbuzi wanatafuta kivuli, mimi nimevaa sweta mbili na kofia ya marvin hadi masikioni. Nilikuwa nasinzia nikiwa nakamua, hadi ng'ombe anageuza kichwa kuniangalia. Sauti ilikuwa nzito kama ya mtu aliyemeza changarawe. Kutoka hapa hadi kituoni, njia niliyopanda miaka yote hiyo nikipiga mluzi, sasa nilipumzika mara tatu, na mara ya tatu nilijifanya ninaangalia mahindi ya mtu.

Nyambura alianza kuhesabu viazi. Alikuwa ananitazama nikila, anahesabu, halafu kesho anapunguza kimoja. Nilikula viazi viwili na kabichi, na mshipi ukaendelea kudai tundu jipya. Nilikuwa natoboa matundu hayo kwa msumari wa moto, nyuma ya zizi, kama mwizi.

Ngoja niwarudishe kituoni, maana bila hilo hamtaelewa kwa nini nilikasirika jinsi nilivyokasirika.

Aliyenifundisha kazi alikuwa karani mkuu, Mzee Kahuthu, mtu mwembamba mwenye koti refu la kijani, ambaye hakuwahi kupandisha sauti na kila mtu alimwogopa. Mizani ya wakati ule ilikuwa ya kuning'iniza. Kuna boriti, kuna uso wa saa wenye sindano, chini kuna ndoana, na gunia la mkulima linatundikwa hapo. Ninyi mna mizani ya umeme, namba zinang'aa, ujumbe unaingia kwenye simu ya mkulima kabla hajafunga gunia lake. Vizuri. Lakini namba inayong'aa hudanganya sawasawa na sindano, ila yenyewe hudanganya kwa heshima.

Kahuthu alinifundisha kusoma sifuri kabla ya kusoma kitu kingine chochote. Alinifundisha kungoja sindano itulie, na nisimame umbali wa mkono mmoja kutoka kwenye gunia ili kila mkulima aone goti langu liko wapi. Karani mwizi huinua gunia kwa goti. Na mkulima mjanja naye hulivuta chini kwa kiwiko huku anakuuliza habari za watoto. Alinifundisha kutia mkono hadi katikati ya gunia: majani yaliyolala ndani usiku kucha yana joto kama tumbo la ng'ombe. Kufinya konzi moja: kama kiganja kinang'aa, hapo unapima maji.

Na alinifundisha maswali matatu. Usimuulize mkulima kama amefanya makosa, alisema, kwa sababu atakujibu hapana, na pengine atakuwa anasema kweli. Muulize majani yamechumwa lini, yamelala wapi, yamebebwaje. Halafu nyamaza.

Mimi nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na niliona maswali matatu ni mengi. Nilifupisha.

Kosa langu la kwanza kubwa, lile ambalo bado wananikumbusha matangani, si hilo. La kwanza lilikuwa la koti. Asubuhi moja ya baridi nilifika mapema, nikatundika koti langu zito kwenye ndoana ya mizani nikiwasha moto, halafu nikalisahau. Nilipima nusu ya foleni koti likiwa limening'inia pale, na kila mkulima akapata kilo zake pamoja na koti la karani. Unadhani kuna aliyesema? Watu wacha Mungu, wazee wa kanisa, wote walinishukuru vizuri sana siku hiyo. Kahuthu ndiye aliyekuja, akalitoa koti polepole, akanipa nilivae, akaniambia, "Kijana, wewe umechumwa lini?"

Kosa la pili lilikuwa la Wangeci, na hilo halikuwa la kuchekesha. Wangeci alikuwa mama mdogo wakati huo, mwembamba, anatoka ng'ambo ya mto, mbali kuliko wote. Alifika majani yake yakiwa yamelowa. Nikafinya, kiganja kikang'aa. Nikamuuliza mbele ya foleni nzima kama ameyamwagia maji ili yawe mazito. Akasema hapana. Nikamwonyesha kiganja changu, watu wakacheka. Akasema tena hapana. Nikamwambia ayaanike juu ya turubai hadi yakauke, na akae hapo pembeni ambapo kila mtu atamwona. Alikaa asubuhi nzima, mikono magotini.

Kahuthu aliporudi kutoka kiwandani alienda kwake moja kwa moja, akachuchumaa, akamuuliza yamebebwaje. Yule mama akaeleza. Kwa kuwa njia ni ndefu na jua lilikuwa limeanza kuwaka, alilowesha gunia mtoni na kulifunika juu ya kikapu, majani yasichemke. Alikuwa anayatunza. Hakuna aliyemfundisha kwamba maji yale yatateremka. Nilimuuliza kama amemwagia majani maji, na hakuwa amemwagia. Alinijibu swali nililouliza.

Kahuthu hakunigombeza. Angenigombeza ningelala vizuri zaidi.

Basi. Sasa rudini kwenye tumbo.

Nyambura alinipeleka hospitali Nyeri kwa nguvu, baada ya mimi kulala katikati ya mahubiri na kukoroma kwenye kipaza sauti. Nilikuwa nimeombwa nisome somo. Daktari alikuwa msichana anayeitwa Nekesa, mtu wa magharibi mwa nchi, kijana kiasi kwamba nilimuuliza mamake yuko wapi. Alinishika shingo, akaniangalia ngozi ya mikono, akanigonga kiwiko kwa kinyundo, akanituma nikatolewe damu. Tuliporudi kuchukua majibu akasema shingoni kuna tezi, inaitwa thairoidi, inatoa homoni inayouendesha mwili mzima, na yangu imechoka. Ndiyo maana baridi, ndiyo maana usingizi, ndiyo maana uzito. Homoni ambayo mwili hautoi, tutaiweka kwa kidonge.

Ile benchi ya kungojea ilikuwa imejaa akina mama. Mmoja aliniuliza nimemleta nani.

Maagizo yalikuwa mafupi: kidonge kimoja kila siku, asubuhi, tumbo likiwa tupu, kabla ya kula. Nikasema nimeelewa. Nilikuwa nimeelewa kwa njia yangu.

Nitawaambia nilivyokuwa nikitarajia, na nitawaambia kwa aibu. Nilidhani kidonge kikianza, uzito utaondoka kama mgeni aliyegundua amekosea nyumba. Wiki mbili, labda tatu. Nilitoa suruali ya zamani sandukuni nikaitundika mlangoni ili ijiandae.

Na kwa kuwa mimi si mtu wa kukisia, kila Jumatatu nilipanda kituoni nipimwe. Kijana aliyepo sasa ana mizani ya kukanyaga. Nilimfundisha mwenyewe akiwa mgeni, kwa hiyo hakuweza kukataa, lakini alinilipa. Ya kwanza aliniuliza aniandikie namba gani ya mkulima. Ya pili alinifinya bega akasema, "Guka, babu yangu, hii iko na maji. Nikuanike kwa turubai?" Foleni ikafurahi sana.

Nilivua viatu vya gambuti, nikavua koti, nikaacha simu na funguo kwa mama mmoja anishikie. Saa ile ile, shati lile lile. Wiki ya kwanza, kilo kumi na moja juu ya zile nilizostaafu nazo. Wiki ya nne, kumi na mbili. Wiki ya nane, kumi na tatu.

Yaani ninameza dawa ya kunipunguza, na ninaongezeka.

Hapo ndipo ushauri ulipoanza, na mtu akikonda hashauriwi hivi. Jirani alileta limau. Shemeji alileta tangawizi na maelezo marefu. Mzee wa kanisa alisema niache ugali, mwenzake akasema niache kila kitu isipokuwa ugali. Kijana wa bodaboda alinitumia video ya mtu akiruka. Nilikunywa maji ya limau hadi meno yakalia. Niliacha mukimo, viazi vya kupondwa na mahindi, kwa wiki tano, mimi, mtu wa huku Tetu, nikikaa meza moja na watu wanaokula mukimo. Mchana nilizunguka shamba mara mbili kwa fimbo, nikihema, ng'ombe akinifuata kwa macho kama daktari wa pili. Kilo hazikutikisika. Nikirudi nyumbani nilikuwa nagombana na kila kitu: kiti, redio, serikali.

Miezi mitatu ilipoisha tulirudi kwa Nekesa. Damu ikatolewa tena. Akakunja uso akitazama karatasi, akasema ni kama dawa haijagusa kitu. Akaniuliza kama nameza kila siku. Nikasema kila siku, na ni kweli, sikuwahi kuruka hata moja. Akaniuliza kama ni kabla ya kula. Nikasema kabla ya kula. Akaongeza dozi. Baada ya wiki kadhaa, damu tena, uso tena, maswali yale yale mawili, majibu yale yale mawili. Akaongeza tena. Alituonya, hilo nalikumbuka vizuri: dawa hii ikizidi mwilini inakimbiza moyo, na kwa umri wangu moyo ukikimbizwa unaweza kuanguka. Kwa hiyo nikiona mabadiliko yoyote nirudi mara moja. Nikamwambia nitashukuru sana nikiona mabadiliko yoyote.

Kumbukeni maneno hayo. Mimi nayakumbuka kila siku.

Mwezi huo binti yetu Muthoni alijifungua. Ameolewa Mwea, kwenye mashamba ya mpunga, na mamake akaenda kumlea kama kawaida. Ningebaki, lakini siwezi kukaanga yai bila kuita majirani. Ng'ombe akaenda kwa jirani, nami nikateremshwa Mwea na vidonge vyangu, nikilalamika njia nzima kuhusu joto ambalo bado hatujalifikia.

Nyumba yenye mtoto mchanga haina nafasi ya mzee. Alfajiri maziwa yote yalikuwa yanaingia kwenye uji wa Muthoni. Chai yangu ilikuwa inakuja saa tatu, wakati mwingine saa nne, kutegemea mtoto amelala ama hajalala. Nilikuwa nameza kidonge changu na maji ya jagi, nakaa mlangoni, naangalia ndege weupe kwenye majaruba, nanung'unika. Wiki ya kwanza nilinung'unika kuhusu chai. Wiki ya tatu niligundua nimevua sweta. Nikajiambia ni joto la Mwea. Wiki ya nne sauti yangu ilirudi, na Nyambura akasema heri ingechelewa. Wiki ya tano suruali ilinilegea kiunoni, nikacheka peke yangu kama mwendawazimu, nikamwambia mkwe wangu anitafutie mizani.

Mizani ilikuwa kwenye kinu cha mpunga. Nikaanza kwenda huko kila siku, nikijifanya nanyoosha miguu. Mnanijua: mtu akipima kitu, mimi nasimama hapo. Kilo moja ikaondoka. Ikaondoka ya pili. Ikaondoka ya nne. Mikono ilikuwa inatetemeka kidogo nikiandika, nikasema ni furaha. Moyo ulikuwa unanigonga shingoni nikipanda ngazi mbili za kinu, nikasema ni uzee. Nilikuwa naamka kabla ya jogoo, nimechangamka kama mtu wa kampeni. Nikasema hatimaye dawa imefanya kazi. Na hapo nilikuwa sahihi, ndilo lililokuwa balaa lenyewe.

Siku moja ya wiki ya saba nilikuwa nimesimama kinuni katikati ya asubuhi, karani wa pale akinionyesha mizani yake mpya, na moyo wangu ukaondoka. Sijui niseme vipi tena. Ukaanza kukimbia kama kitu kilichofunguliwa kamba, bila mpango, mara haraka, mara unaruka. Nikaketi juu ya gunia la mpunga. Jasho likanitoka. Yule karani, Mungu ambariki, alidhani nimekaa nihesabu magunia, akaniuliza nimefika ngapi. 

Nikiwa nimekaa pale sikufikiria mbinguni wala watoto. Nilifikiria kwamba watasema kwenye mazishi, Karani alikuwa ameanza kupungua vizuri.

Mkwe wangu alinipakia kwenye bodaboda, yeye nyuma akinishikilia kiunoni, hadi zahanati. Wakanilaza, wakaniwekea waya kifuani, wakasoma jina la dawa kwenye kopo langu, wakaniambia nisimeze kidonge kingine hadi nimwone aliyeniandikia. Walininyima hata kukaa. Moyo ulipopunguza mbio, jioni, Nyambura alikuwa ameketi kando akinishika kidole gumba peke yake, kama mtoto anavyoshika. Hakuniambia neno la mzaha. Hapo ndipo nilipoogopa kabisa.

Kesho yake tukapanda Nyeri.

Nekesa aliisoma karatasi ya Mwea mara mbili. Akasema dawa imezidi mwilini, na kwamba hilo halielewi, kwa sababu dozi ya kabla ya hiyo, pungufu kidogo tu, ilikuwa kama maji. Nilidhani atauliza yale maswali mawili. Kalamu yake alikuwa ameishika tayari. Halafu akaiweka chini, akavuta kiti chake akakaa mbele yangu, magoti yetu karibu kugusana.

"Mzee, nielezee asubuhi yako," akasema. "Ya nyumbani, si ya Mwea. Tangu ufungue macho. Usiruke kitu."

Nikamweleza. Naamka. Nasikia Nyambura akirudi kutoka zizini na ndoo. Anachemsha chai, maziwa mengi, maji ya kudanganyia tu, majani ya kwetu. Ananiletea kikombe kitandani, kile kikubwa cha bati. Nachukua kidonge, nakiweka ulimini, nakiteremsha na chai. Nakunywa cha pili nikivaa. Baadaye sana, saa mbili, ndipo tunakula.

"Mzee. Uliniambia unameza kabla ya kula."

"Ndiyo. Kabla ya kula."

"Na chai?"

"Chai si kula, daktari."

Nyambura alikuwa amekaa nyuma yangu. Akasema polepole, kama shahidi anayetaka haki itendeke, "Ni ukweli. Chai si kula."

Nekesa alifunika uso kwa mikono yote miwili. Nilidhani analia, kumbe mabega yanatikisika kwa kicheko. Alipomaliza akatueleza taratibu. Maziwa yanakishika kidonge tumboni na kukizuia kuingia mwilini. Hata chai yenyewe inasumbua, na kahawa ni hivyo hivyo. Kidonge kinataka maji matupu, halafu saa nzima bila kitu chochote. Kwa hiyo miezi yote ile nilikuwa nameza dawa na sehemu kubwa ilikuwa inapita tu, naye akiongeza akidhani haitoshi. Mwea, bila chai ya alfajiri, dozi yote kubwa ikaingia ndani kwa mara ya kwanza, mlango ukiwa wazi. Kilo nilizokuwa nikisherehekea kule kinuni, nyingine zilikuwa zinachomwa na moyo uliokuwa unakimbizwa.

"Ulinijibu nilichouliza," akasema. "Ni mimi sikuuliza vizuri."

Vijana, sikumsikia vizuri baada ya hapo. Nilikuwa nimerudi kituoni, nina umri wa miaka ishirini na mitatu, natingisha kiganja kinachong'aa mbele ya foleni, na mama mmoja mwembamba ananiambia hapana kwa mara ya pili.

Akanipunguzia dozi, akanipangia tarehe za kurudi. Kisha nikamuuliza lile ambalo nilikuwa nimelibeba tangu mwanzo: lini nitaingia kwenye suruali iliyo mlangoni. Akaniambia bila kuzunguka. Uzito wa ugonjwa huu mwingi ni maji na chumvi ambayo mwili ulishikilia. Dawa ikikaa sawa, hayo yatashuka polepole, kwa miezi, si kwa wiki. Lakini kuna kilo ambazo si za tezi. Hizo ni zako, akasema, na za kiti chako. Za tezi niachie mimi, zako utembee.

Nikamwambia kazi yangu yote ilikuwa kutoa maji kwenye uzito wa watu, na sijawahi kuona mkulima akiyafurahia makato hayo. Akasema sasa nitajua wanavyojisikia.

Najua. Sasa ni zaidi ya mwaka tangu siku hiyo. Damu imetulia, Nekesa hakunji uso tena. Katika zile kumi na tatu, saba zimeondoka, nazo zilichukua muda mrefu kuliko zilivyochukua kuja, bila adabu yoyote. Sita zimebaki. Nyambura anaziita viazi. Nimeitoa suruali mlangoni nikampa yule kijana wa kituoni, na inamtosha, na hiyo inaniudhi kuliko ninavyoweza kuwaeleza hapa. Uenyekiti wa kamati ya barabara bado ninao. Nilijaribu kujiuzulu kwa sababu za kiafya, wakaniangalia kutoka juu hadi chini wakasema afya ipo.

Mkitaka ufundi, basi chukueni huu. Pima saa ile ile, nguo zile zile, mizani ile ile, na usipime kila siku, utaichukia dunia. Soma sifuri kwanza. Kidonge kwa maji. Na ukikaa mbele ya anayekupima, awe karani ama daktari, usingoje akuulize vizuri. Mwambie umechumwa lini, umelala wapi, umebebwaje. Mwambie na chai.

Lakini ile saa moja. Mniache nilalamike kuhusu ile saa moja, kisha mwende nyumbani.

Kila siku saa kumi na mbili nameza kidonge na maji baridi, maji ya milima ya Aberdare ambayo yanauma meno, halafu natoka kukaa kwenye ngazi ya mbele kwa sababu ndani siwezi. Ndani Nyambura amechemsha. Thamosi iko mezani, imenyooka kama askari wa zamu. Yeye anamimina kikombe chake, anakaa dirishani nyuma yangu, na anakunywa kwa sauti. Miaka zaidi ya thelathini ya ndoa, alikuwa hanywi kwa sauti.

Na saa hiyo ndiyo Wangeci hupita. Sasa ni cucu, bibi mwenye wajukuu, mgongo umepinda kidogo, lakini bado anachuma, bado anatoka ng'ambo ya mto, kikapu mgongoni, kamba ya ngozi kwenye paji la uso. Nilienda kwake nilipotoka hospitali, nikamwomba radhi kwa ile asubuhi ya turubai. Alisema hakumbuki. Nikajua anakumbuka, kwa sababu aliniletea kigoda nikae, na akakiweka juani.

Sasa kila asubuhi anasimama langoni kwangu, anarekebisha kamba, ananitazama nikiwa nimekaa na mikono magotini.

"Karani. Bado hujakauka?"

"Bado nusu saa, cucu."

"Kaa tu," ananiambia, akiondoka. "Mimi ulinikausha asubuhi nzima."